Pazia Kwanza, Projekta Baadaye

Wenye mabanda ya mpira wanaijua saa ya Uingereza kuliko watu wengi wenye shahada. Mechi ya Ligi Kuu ya England inayoanza saa tisa alasiri kule, Dar es Salaam na Nairobi huangukia saa kumi na moja jioni, tangu Agosti hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Baada ya hapo Waingereza hurudisha saa zao nyuma, na mechi ileile husogea hadi saa kumi na mbili, jua likiwa linazama. Kwa mwenye banda anayetumia televisheni, hilo ni suala la ratiba tu. Kwa mwenye projekta ni suala la riziki: saa kumi na moja jua bado linapenya katika kila tundu la bati, mpira hauonekani, na mteja aliyelipa kiingilio anaanza kudai pesa yake. Ndiyo maana mabanda hayo huzibwa kwa turubai jeusi, magunia na maboksi hadi watu wanatokwa jasho kabla mchezo haujaanza. Darasa lao lilikuwa malalamiko ya wateja, na walifuzu.

Ofisi zina fedha zaidi, lakini somo hilo halijazifikia. Ukumbi wa kawaida wa semina una madirisha makubwa pande mbili na mapazia mepesi yaliyochaguliwa kwa urembo. Taa za darini zinawaka zote kwa swichi moja, kwa hiyo haiwezekani kuzima zile za mbele na kubakiza za nyuma. Projekta iko mezani, chini yake yamepangwa mafaili mawili ili inyanyuke kidogo. Mtoa mada anauliza kama kila mtu anaona, waliokaa nyuma wanaitikia kwa adabu, na jedwali la bajeti linapita ukutani bila mtu kulisoma. Jioni ripoti inaandikwa kwamba projekta imechoka, inunuliwe nyingine yenye nguvu zaidi. Mara nyingi ripoti hiyo si sahihi, na fedha inayofuata nyuma yake inakwenda kununua dawa ya ugonjwa mwingine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye lenzi. Lumeni 3,000 zikisambazwa kwenye picha yenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.25, kila mita ya mraba inapata lumeni 1,200. Mtu akisogeza mashine nyuma ili picha ifikie upana wa mita 4, eneo linakuwa mara nne, na kila mita ya mraba inabaki na 300 tu. Sasa ofisi iliyowashwa taa vizuri huwa na takriban 500 kwa kila mita ya mraba juu ya meza. Nje kivulini mchana ni zaidi ya 10,000, na juani kabisa hukaribia 100,000. Kwa hiyo kikao cha saa sita mchana chini ya hema jeupe hakina projekta ya kukiokoa, hata iwe na bei ya gari. Waandaaji wa harusi wameligundua hilo, na wengi sasa wanakodi skrini za LED kwa sherehe za mchana. Wamefanya jambo la busara.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: projekta haiwezi kurusha weusi. Inarusha mwanga, basi. Sehemu nyeusi ya picha ni sehemu ambayo mashine haikupeleka kitu, na weusi wake ni ule wa ukuta wenyewe kadiri taa na madirisha yalivyouangaza. Katika chumba chenye mwanga, nywele za bibi harusi zinakuwa kijivu na maandishi meusi yanafifia hadi kulingana na karatasi yake. Kuongeza lumeni hapo ni kukimbizana na jua, ilhali pazia zito la kitambaa cha giza linaondoa tatizo kwenye chimbuko lake, halihitaji umeme wala balbu, na fundi cherehani yeyote wa mtaani analimudu.

Halafu zipo lumeni za kwenye boksi. Tangu 1992 ipo njia iliyokubalika ya kuzipima, ile ya ANSI: picha nyeupe inagawanywa sehemu tisa, kila sehemu inapimwa katikati yake, unachukuliwa wastani, kisha unazidishwa kwa eneo la picha. Kampuni kubwa zinafuata utaratibu huo au ule wa ISO uliotokana nao. Vijimashine vya mkononi vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya simu ya kawaida havina habari hiyo. Kwenye tangazo vinaandikwa lumeni 9,000 au 12,000, namba ambazo aghalabu zinahesabu mwanga wa taa ndani kabla haujapita popote, na wakati mwingine hazihesabu kitu chochote. Mwenye chumba chenye giza atavifurahia kwa katuni za watoto. Ofisi ya manunuzi inayolinganisha namba hizo na lumeni 3,500 za ANSI, halafu ikachagua kubwa kwa bei ndogo, imejidanganya yenyewe.

Hata lumeni za kweli zina mlango wa nyuma. Projekta nyingi za bei ya kati zinatumia kipande kimoja chenye maelfu kwa maelfu ya vioo vidogo sana vinavyogeuka, teknolojia iliyobuniwa na Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987, na ambayo ilimpatia Oscar ya sayansi na ufundi mwaka 2015. Vioo hivyo havijui rangi. Mbele ya taa huzunguka gurudumu lenye vioo vyekundu, kijani na bluu, na katika mashine nyingi za ofisini huongezwa kipande kisicho na rangi ili slaidi nyeupe iwake zaidi. Namba ya kwenye boksi hupimwa kwa nyeupe. Picha ya kanga au ya sahani ya pilau ikija, inaonekana imepauka, na wenye harusi wanamlaumu mpiga picha. Zile zinazotumia vioo vitatu vya LCD, kimoja kwa kila rangi, hazina tatizo hilo, ingawa zina madai yao mengine, hasa vumbi.

Tuje kwenye kuiweka. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa takriban mara moja na nusu ya upana wa picha: mita 3 kwa picha ya mita 2. Kipimo hicho kimeandikwa kwenye kijitabu chake, karatasi ambayo kwa kawaida hubaki ndani ya boksi pamoja na rimoti. Lenzi itazame katikati ya skrini, isipindishwe kushoto wala kulia. Kuhusu kimo, nyingi zimeundwa zirushe picha kuelekea juu, kwa hiyo meza ya chini si kosa. Kosa ni kuiinua mbele kwa mafaili hadi picha inakuwa pana juu na nyembamba chini. Hapo fundi anakimbilia kitufe cha kunyoosha picha. Kitufe hicho hakinyooshi mwanga. Kinaikunja picha ndani ya mashine, na kadiri kinavyoikunja ndivyo nukta za picha zinavyopotea na herufi ndogo zinavyovurugika. Kitumike kidogo, baada ya kuihamisha meza kushindikana.

Kwenye waya ndiko semina nyingi hupoteza nusu saa. Soketi ya VGA yenye matundu 15 ilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, na bado ipo kwenye projekta nyingi zilizofungwa darini. Laptopu mpya imebaki na HDMI, au haina chochote isipokuwa tundu dogo la USB-C, na si kila tundu la namna hiyo linatoa picha. Mengine ni ya chaji na mafaili tu. Adapta iliyojaribiwa jana yake kwenye laptopu ileile itakayotumika ndiyo dawa, kwani adapta ya kuazima mlangoni ni bahati nasibu. Picha isipotokea, kwenye Windows mtu abonyeze kitufe cha nembo ya Windows pamoja na herufi P, achague picha moja kwa skrini zote mbili. Watoa mada wengi hawajui kwamba kompyuta yao imeigeuza skrini ya ukutani kuwa meza ya pili, ndiyo maana wao wanaona slaidi na wasikilizaji wanaona mandhari ya mlima tu.

Na sauti? HDMI hubeba sauti pamoja na picha. Waya ukichomekwa, sauti inahama kutoka kwenye laptopu na kwenda kwenye spika ndogo ya projekta, wakati spika kubwa za ukumbi zinasubiri kwenye tundu la hedifoni. Video inacheza kimya, MC anapiga maikrofoni vidole, na kijana wa kompyuta anachomoa waya mmoja baada ya mwingine. Kumbe kilichotakiwa ni kuichagulia kompyuta njia ya kutolea sauti.

Umeme una mambo yake. Projekta za balbu hutumia taa ya mvuke wa zebaki, aina iliyoletwa sokoni na Philips mwaka 1995, na shinikizo ndani yake hupita mara 200 ya lile la hewa tunayovuta. Inakuwa na joto kali, na ndiyo maana katika nyingi feni huendelea kuzunguka baada ya mashine kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama na joto linabaki ndani. Wanaochomoa waya ukutani ili wawahi basi wanafanya kazi ya mgao wa umeme kwa mikono yao. UPS ndogo, hata ya dakika kumi, inatosha kuiruhusu ipoe. Muda wa balbu ulioandikwa, tuseme saa 4,000, si muda wa kufa kwake. Ni muda wa mwanga kupungua hadi nusu. Zile za leza zinafika kama saa 20,000 kwa kipimo hichohicho. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, jambo la kawaida Dodoma wakati wa kiangazi, kinaua zote mbili mapema, na kukisafisha hakuhitaji kamati.

Zamani mashine na mtu wake vilikwenda pamoja. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza wa sinema za mafunzo, ulioongozwa na Notcutt na Latham na kuwa na kambi yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulizungusha lori lenye projekta, jenereta na skrini huko Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zenyewe zilijaa dharau ya kikoloni na hazistahili sifa. Lakini mpangilio wao wa kazi ulikuwa sahihi: lori lilikuja na mwendeshaji wake, na onyesho lilianza giza likishaingia. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limeonyesha picha uwanjani Ngome Kongwe kwa utaratibu huohuo: usiku, kukiwa na watu wanaojua kila waya unakwenda wapi.

Shuleni hali ni ngumu zaidi, na si kwa uzembe. Mpango wa Kenya wa masomo ya kidijitali ulioanza kufika madarasani mwaka 2016 ulijulikana kwa vishikwambi vya darasa la kwanza, ila shule zilipelekewa na projekta pia. Kwa darasa lenye watoto wengi, picha moja kubwa ina faida kuliko vioo vidogo vinavyogombaniwa. Tatizo ni jengo. Madarasa ya umma yalijengwa ili jua liwe taa yake, yakiwa na madirisha mapana pande zote mbili. Kuyafunga yote ni kuwanyima watoto hewa. Njia ya kati ipo: picha ndogo ya mita moja na nusu badala ya tatu, kwenye ukuta usiotazamana na dirisha, madirisha mawili ya karibu yakiwa na pazia zito, na herufi kubwa zinazosomeka kutoka dawati la mwisho. Mwalimu anayejua hayo ataitumia mashine ya kawaida kwa miaka. Asiyejua ataifungia kabatini, na ukaguzi ukija ataitoa ikiwa mpya.

Katika oda ijayo ya halmashauri, basi, projekta ipungue daraja moja na tofauti ya bei inunue pazia, skrini nyeupe isiyong'aa, waya mrefu wa HDMI, adapta mbili na UPS. Kisha atajwe mtu. Semina zetu humlipa posho mgeni rasmi, mwenyekiti, mtoa mada, mwandishi wa kumbukumbu na dereva, lakini anayeifanya picha ionekane huokotwa asubuhi hiyohiyo kwa sababu ni kijana na anashika simu vizuri. Kwenye ratiba, juu ya mstari wa kujiandikisha saa mbili na nusu, uwekwe mwingine wa saa moja na nusu: fundi wa projekta kufunga mapazia, kujaribu laptopu ya kila mtoa mada pamoja na sauti, na kukaa kiti cha nyuma kabisa asome slaidi ya kwanza.