Tusingoje Mchwa Wamalize Nyumba za Wakubwa Wetu

Ndugu zangu wa Busia na Malaba, tumezoea kuona wageni wakipita. Malori hupanga foleni kungoja forodha, abiria hugongewa pasi, kisha kila mtu hushika njia yake. Akitokea anayeuliza habari za waliotutangulia, hatuna pa kumpeleka. Ndiyo maana nataka tuzungumzie nyumba za viongozi wetu, na yanayozipata wenyewe wakishaondoka.

Tuanze na jirani. Kabla ya mwaka 1902 sehemu zetu hizi zilihesabiwa kuwa Uganda, na misafara ya kwenda huko ilipumzika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Mvumbuzi Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883. Askofu Hannington alipita mwaka 1885, akaenda kuuawa Busoga. Waingereza nao wakafungua ofisi hapohapo kwake, ikakaa hadi walipoihamishia Kakamega mwaka 1920. Mumia aliishi mpaka 1949. Leo mji wa Mumias unaitwa kwa jina lake, na Matungu kuna makaburi ya manabongo. Lakini mtoto wa shule kutoka Nambale au Amukura akiuliza mzee huyo alikuwa akikata kesi wapi, ni wangapi kati yetu watakaomwonyesha?

Najua wapo Wateso, Wasamia na Wamarachi wasiofurahia jina hilo, maana Waingereza waliwatumia watu wa Mumia kuwatawala babu zao. Kinyongo hicho kina haki yake. Na kiandikwe ukutani pamoja na sifa, wajukuu wasome na kuhukumu wenyewe.

Watanzania wametupita hapa. Nyumba ya Magomeni, alimoishi Mwalimu Nyerere wakati wa kupigania uhuru, hupokea wageni. Kule Butiama makumbusho yalifunguliwa Julai 1999, Mwalimu angali hai, miezi michache kabla hajafariki. Hilo ndilo la kuiga: mambo yalipangwa mapema, mwenyewe akiwapo.

Kwetu hupangwa matangani. Kwa desturi ya wengi wetu, boma la baba humwangukia kitinda mimba, naye yuko Nairobi akitafuta riziki. Ndugu wanavutana juu ya hati ya shamba, nyumba inatiwa kufuli. Haupiti muda, maji yanapenya penye msumari uliolegea, mchwa wanapanda fremu ya mlango, na sanduku la barua za mzee linaliwa kuanzia chini. Siku ya kumbukumbu waheshimiwa wanahutubia chini ya hema, wanaahidi makumbusho, wanakula, wanapanda magari yao. Jambo hili linanichoma, kwa sababu barua zile haziandikwi mara ya pili.

Wala tusiseme ni kazi ya Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti makumbusho, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la kihistoria kutangazwa rasmi na kulindwa. Basi wawakilishi wadi wetu watenge fedha za mabati, mlinzi, na karani wa kuorodhesha nyumba hizo kutoka Malaba hadi Port Victoria. Nanyi familia, mketisheni mzee sasa, akiwa na kauli yake, aseme mbele ya wanawe wote chumba kipi ni cha wageni, funguo akae nazo nani, na barua zipelekwe wapi. Kisha yaandikwe, kila mtoto atie sahihi.