Mtoto anayekimbiza mbuzi hafungwi mpira puani

Najua wengi mlitegemea leo niongelee bumu lililochelewa na foleni ya kantini, lakini mtanisamehe. Leo nina kesi. Na mnajua tunavyosemwa sisi Wapare, eti tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Haya, hii sio ya kuku. Ni ya mtoto, kwa hiyo ng'ombe ataenda bila maswali.

Kesi yenyewe ni hii. Mtoto akishindwa kula kwa mdomo na ikabidi alishwe kwa mpira, anayechagua mpira gani ni nani, na anachagua kwa kuangalia nini? Ninavyoona mimi, mara nyingi kinachoangaliwa ni kitanda. Mpira unachaguliwa kana kwamba mtoto atalala chali maisha yake yote. Mimi nasema iangaliwe miguu yake. Mtoto anayetambaa, anayepanda mti na kukimbiza mbuzi apewe mpira unaoendana na kazi hizo, sio unaoendana na wodi.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini, maana nimegundua hata hapa chuo watu hawajui.

Wa kwanza ni mpira wa puani. Ndio ule mnaouona wodini: unaingia tundu la pua, unapita kooni, unashuka mpaka tumboni, na nje unashikiliwa na plasta shavuni. Hauhitaji kisu, nesi anauweka kwa dakika chache, na kwa kazi ya siku au wiki chache hauna mpinzani. Watoto njiti, watoto wenye utapiamlo mkali wasio na nguvu ya kunyonya, watoto waliotoka kwenye upasuaji, wengi wameokolewa na mpira huu. Siusemi vibaya. Ila ushauri wa kawaida wa kitabibu ni kwamba ikionekana mtoto atalishwa hivyo zaidi ya wiki 4 hadi 6, ifikiriwe njia nyingine.

Wa pili ni mpira wa tumboni. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye ngozi ya tumbo mpaka ndani ya tumbo la chakula, na mpira unapita hapo. Zamani ilikuwa lazima kupasua. Mwaka 1980 madaktari wawili wa Cleveland kule Marekani, Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky, walitangaza njia ya kuuweka kwa msaada wa kamera inayopitishwa mdomoni, bila kufungua tumbo. Sikilizeni hapa: Gauderer alikuwa daktari wa upasuaji wa watoto, na njia hiyo waliibuni wakifikiria watoto. Haikuanzia kwa wazee.

Wa tatu ni kitufe. Huyo huyo Gauderer na wenzake, mwaka 1984, wakaona mpira mrefu unaoning'inia tumboni unavutwa na unanasa kwenye nguo, wakatengeneza mfupi unaokaa usawa wa ngozi na una kifuniko chake. Wakati wa kula unaunganisha mrija, ukimaliza unauchomoa, unafunga, unashusha fulana. Mtoto anaondoka zake. Kwa kawaida kitufe kinawekwa baada ya tundu kukomaa, wiki kadhaa tangu upasuaji. Vingi vina kipulizo kidogo kinachojazwa maji kwa ndani ili kisichomoke, na hubadilishwa kila baada ya miezi michache.

Sasa nije kwa mpwa wangu. Ana miaka minne, yuko Vudee, juu milimani, kwa bibi yake. Mwaka jana alikunywa kostiki soda. Jirani alikuwa anatengeneza sabuni za miche, mabaki akayaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto akaona maji. Umio lake likaungua, likapona kwa kovu, kovu likabana njia. Akili yake ni timamu, miguu ni timamu, sauti ndio usiseme. Kilichobana ni njia ya chakula tu.

Hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, walimwekea mpira wa puani wakamruhusu arudi nyumbani nao "kwa muda". Muda gani? Hakuna aliyesema. Kuna njia nyingine? Hakuna aliyesema. Dada yangu akasaini, wakapanda mlima.

Mnaoijua Vudee mnaijua. Ni mawe, makonde ya ngazi, mifereji na mbuzi. Mpira unaoning'inia usoni mwa mtoto wa miaka minne ni kamba ya kuvutia mchezo. Akivuta yeye, umetoka. Akivuta mwenzake, umetoka. Akipiga chafya plasta ikiwa imelowa jasho, umetoka. Kwa miezi mitatu ulitoka mara tisa, na kila mara ni kutafuta gari, kushuka mpaka Same mjini, kusubiri foleni, kisha kupanda tena. Njiani mtoto hali kitu.

Na kwa mtoto mwenye umio lenye kovu, kurudisha mpira kwa kubahatisha sio jambo dogo, maana unaweza kutoboa umio. Hata kwa mtoto asiye na kovu, mpira unaweza kupotea njia ukaingia kwenye mapafu. Ile mbinu ya kupuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumbo haitoshi kuhakikisha. Uingereza walitoa onyo rasmi mwaka 2005 kwamba isitegemewe. Kinachotakiwa ni kuvuta majimaji ya tumboni na kuyapima asidi kwa karatasi maalumu, na shaka ikibaki, eksirei. Uji ukiingia mapafuni, mtoto anaweza kufa. Sasa zidisha hatari hiyo mara tisa.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine. Dada alipolalamika kwamba mpira hautulii, akaambiwa amvalishe mtoto soksi mikononi na kumfunga. Amfunge! Mtoto mzima, anayeita majina ya mbuzi wote wa bibi yake, akawa anakaa kibarazani mikono imefungwa kama mwizi wa kuku, anaangalia wenzake wanacheza. Kosa la mpira likatibiwa kwa kumfunga mtoto.

Nasoma sheria, kwa hiyo niwekeeni kifungu mezani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inataja haki ambazo mtoto anastahili kutokana na wajibu wa kumtunza. Kuna chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Na mwishoni mwa orodha hiyo hiyo kuna haki ya kucheza na kupumzika. Bunge halikuweka michezo kwenye sheria nyingine ya burudani. Limeiweka sentensi moja na chakula. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyo hivyo kwenye ibara ya 31. Kwa hiyo anayeniambia "la muhimu ale tu, kucheza baadaye" ajue anakata orodha ya sheria katikati. Panapopatikana mpira unaompa chakula na mchezo kwa pamoja, kumwacha mtoto miezi na unaompa kimoja na kumnyang'anya kingine kunahitaji sababu. Sababu iwepo, na isemwe.

Haya, najua mtakayosema. Nimeyasikia yote, mengine kwenye kikao cha ukoo.

"Kutoboa tumbo la mtoto ni kubwa mno." Ni upasuaji, sikatai. Tundu linaweza kupata maambukizi, linaweza kuvuja, nyama inaweza kuota pembeni, mpira unaweza kuchomoka. Tena kwa mtoto ambaye umio limebana, kamera inaweza isipite, ikabidi apasuliwe. Lakini pima na upande wa pili: safari tisa, njaa njiani, kubahatisha kooni, mikono iliyofungwa. Na sio hukumu ya maisha. Umio likipanuliwa na mtoto akaanza kula kwa mdomo, mpira unatolewa, na mara nyingi tundu hujifunga lenyewe. Lisipojifunga, linashonwa. Mjomba mmoja alisema kitobo tumboni ni kumtia mtoto kilema. Shikamoo mjomba, lakini kilema ni kile cha kumfunga mikono.

"Watu wa kijijini hawataweza, usafi hamna." Hii ndio inayonichoma kuliko zote, hasa ikitoka kwa msomi. Mama yangu, yaani huyo bibi, amelea watoto sita na wajukuu sijui wangapi kwa maji ya mfereji aliyoyachemsha mwenyewe. Kazi ya mpira wa tumboni ni hii: nawa mikono, osha kuzunguka tundu kwa maji na sabuni, kausha vizuri, chuja uji usiwe na chenga, pitisha maji safi yaliyochemshwa kabla na baada ya kulisha ili usizibe, mkalishe mtoto wima. Alijifunza kwa siku mbili. Mwaka 2025 Rais alikuja Same kuzindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, tukashangilia, lakini wa milimani bado tunategemea chemchemi na mifereji. Hata hivyo kuchemsha maji hakuhitaji digrii.

"Vitufe ni vya Wazungu." Hapa nakubali nusu. Mpwa wangu alipopelekwa hospitali ya pili aliwekewa mpira mrefu wa tumboni, na kitufe tunakitafuta mpaka leo. Nimezunguka maduka ya vifaa tiba, wengine hawajui hata naongelea nini. Lakini jibu la "hakipo" ni kukidai, sio kunyamaza. Madaktari wasipoagiza, Bohari ya Dawa itajuaje kuna mtoto anakihitaji? Na hata huo mrefu umebadilisha maisha: bibi ameshona mkanda wa kitenge wenye mfuko, mpira unakunjwa unalala humo, fulana juu. Hajauvuta hata mara moja. Hauoni, hauwashi pua, anausahau. Tahadhari moja: penye uhaba wanatumia mpira ule wa mkojo kama wa kulishia. Unafanya kazi, ila usiposhikiliwa vizuri kwa nje unavutwa ndani na kuziba mlango wa kutokea tumboni, mtoto anaanza kutapika. Waulizeni umefungwaje.

Kwa mzazi yeyote, au mjomba kama mimi, maswali ya kuuliza kabla ya kusaini ni haya:

1. Atalishwa kwa mpira kwa muda gani? Wiki au miezi?
2. Kama ni miezi, kwa nini usiwe wa tumboni? Na kitufe je, kinawezekana lini?
3. Ukichomoka saa nane usiku huko mlimani, nifanye nini? (Tundu linaweza kuanza kujifunga ndani ya saa chache. Ombeni mpira wa akiba na mfundishwe la kufanya, kisha mshuke hospitali haraka.)
4. Mpira huu utamruhusu kutambaa, kuoga, kwenda shule?

Hilo la nne muulize kwa sauti. Mwalimu wa shule moja ya awali alimkataa mpwa wangu alipokuwa na mpira puani, eti atawatisha wenzake. Sasa hauonekani, na hoja imekufa.

Na nyie mnaosomea udaktari, wa Muhimbili na wa kule Moshi: siwafundishi kazi. Naomba tu dakika tano. Kabla ya kubandika plasta muulize mama, "Mtoto huyu akiwa mzima anashindaje?" Akikwambia anashinda juu ya mti, hilo nalo ni jibu la kitabibu, liandike kwenye faili.

La mwisho, chanzo chenyewe. Marekani kulikuwa na daktari wa koo wa Philadelphia, Chevalier Jackson, aliyechoka kutibu watoto waliomeza magadi makali ya kusafishia. Hakuishia kliniki. Aliwasumbua wanasiasa miaka na miaka mpaka mwaka 1927 ikapitishwa sheria ya kuweka alama ya sumu kwenye vifungashio. Sisi tunayo Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ipo Dodoma, kostiki ipo Vudee kwenye chupa ya maji. Kila semina ya ujasiriamali inayofundisha kina mama sabuni ifundishe na hili: kostiki haikai kwenye chupa ya soda wala ya maji, inawekewa alama, inafungiwa juu. Na mtoto akimeza, asitapishwe, maana itaunguza mara ya pili ikipanda. Hospitali moja kwa moja.

Hiyo ndiyo kesi yangu. Mwenye utetezi alete, nitamjibu, test zikiisha. Na mwenye ndugu kwenye vifaa tiba anayejua kitufe cha mtoto wa miaka minne kinapatikana wapi, asisubiri test ziishe.

Naomba kuwasilisha.