Sehemu ya 4: Eti mama akishazaa, baiskeli basi?

Mama zangu na dada zangu, tangu niandike kwamba nimerudi kwenye baiskeli nikiwa na miaka 51, na kwamba nataka kushindana mbio za njia za vumbi, meseji zimejaa. Nyingi zinauliza jambo moja: "Nesi, kwa umri huo? Kizazi hakitashuka?" Leo najibu, na sitajibu kwa upole.

Kizazi hushuka kwa sababu ya uchungu uliochukua muda mrefu, kuzaa mara nyingi, mizigo mizito, kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kujikamua. Kukaa kwenye tandiko na kuzungusha pedeli hakumo. Sasa niambieni, mama anateremka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, nani amewahi kumsimamisha amuulizie kizazi chake? Mzigo ukiwa wa kulisha nyumba, kizazi ni chuma. Mama akitaka saa moja ya kwake, ghafla kimekuwa glasi. Jamani!

Na sisi wa Uluguru ndio tuone aibu zaidi. Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, shamba linafuata mama. Baiskeli tu ndiyo imefuata baba.

Wengine mnasema mbio ni za vijana wa kizungu. Kenya, tangu 2021, kuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara: siku nne, kilometa kama 650 za mawe na vumbi, na watu wa kawaida wanaingia pamoja na mabingwa. Hapa kwetu Kanda ya Ziwa wanawake wanashindana kwa baiskeli zilezile za kubebea maji. Sisi wa Morogoro tuna milima ya Mgeta na Matombo bure kabisa, tunaiangalia tu.

Mtasema jembe nalo ni mazoezi. Kweli kabisa, kwa anayelima. Lakini wengi wetu wa Kihonda na Msamvu tunakaa dukani kutwa, na presha na sukari naziona kliniki kila siku. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 2020, linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata kwa mama aliyejifungua kama hana tatizo. Sijaona palipoandikwa "isipokuwa wenye watoto watatu".

Sisemi uruke kutoka kitanda cha uzazi. Nenda hudhurio la siku ya 42 upimwe kwanza, hasa kama ulipasuliwa. Ukivuja mkojo, ukitokwa damu, au ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, acha, njoo kliniki. Wenzangu wa 40 kwenda juu, pima presha kabla. Ikifika 140/90 tuongee kwanza. Anza njia tambarare, mlima utausubiri, na breki zikaguliwe, kofia ngumu kichwani. Maziwa hayaharibiki, nyonyesha kabla ya kutoka.

Nanyi akina baba mnaosoma kimyakimya: Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu, mtoto ni wa nani? Mkishaweza kujibu hilo, maswali ya kizazi yatapungua sana.

Sehemu ya 5 ni ya tandiko, maana meseji za makalio kuuma nazo si haba.