Mto Katikati Yetu

Wenzangu, mnaijua ile mume anasogea kitandani nawe unajifanya umeshalala? Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima. Mapenzi hayakuwa yamekwisha, ni nyonga. Nina miaka 34 na nina sikoseli, ambayo wakati mwingine huzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa unakufa taratibu, gegedu linasagika, mwisho ni mfupa kusuguana na mfupa. Yeye akajua nina mtu nje. Mimi na kiburi changu nikanyamaza.

Siku aliyonikuta nalia kwa kushindwa kuvaa soksi, ndipo nikasema.

Nikabadilishiwa nyonga. Kesho yake tu wakanisimamisha na magongo! Nyumbani ndiko kulikuwa na shughuli: usikunje nyonga kupita nyuzi 90, usipishanishe miguu, kigoda marufuku, choo cha kuchuchumaa ndiyo usiseme. Usiku, mto katikati ya mapaja. Mume wangu akaubatiza "mke mwenza".

Wiki ya sita, kliniki, nikauliza lile swali ambalo wengi tunarudi nalo nyumbani: "Dokta, na yale mambo yetu je?" Wala hakushtuka. Akatueleza mlalo upi ni salama na upi tuusubiri kwanza. Mume wangu anatazama dari, kumbe anasikiliza kila neno!

Yale maumivu sasa sina. Soksi bado ananivalisha yeye, ingawa naweza mwenyewe. Sijamwambia, nanyi msije mkanichoma.