Ufuta Ukiuzwa Tutakulipa

Wakili kijana akija Kilwa hadumu, na sisi wateja wake tunachangia. Mtu shamba lake la Nanjirinji limeliwa na ng'ombe, anaingia ofisini na kauli ile ile: "Mwanangu, ufuta ukiuzwa tutakulipa." Mnada wa ufuta ni katikati ya mwaka. Korosho mpaka vuli. Kabla ya hapo wakili hulipwa ahadi, na siku ya neema, pweza wawili.

Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, iliyomkopesha asome, haipokei pweza. Msomi aliyejiajiri hudaiwa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au shilingi 100,000, na hizo ni za kila mwezi, ufuta uwe ghalani au uwe bado maua. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kabla ya sheria kubadilishwa 2016 ilikuwa 8. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, tumeshukuru. Lakini makato hayaulizi kama ofisi yako iko Posta, Dar es Salaam, au nyuma ya soko la Kilwa Masoko.

Marekani wana utaratibu tangu 2007: ukitumikia umma huku ukilipa deni la masomo kwa miezi 120, salio hufutwa. Wenzetu hugombania nani anastahili. Sisi hata ugomvi huo hatujaufikia.

Na hatusemi wasamehewe wote. Wakili wa makampuni ya gesi alipe mpaka senti ya mwisho, hapo baraza zima tumekubaliana. Tunamsemea huyu anayeandika hati ya madai ya mjane wa Kivinje bila kutaja bei. Miaka yake huku ingehesabiwa, japo nusu nusu.

Tunaambiwa tunao wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na sheria ya 2017. Tunao, na wanatusikiliza vizuri kuliko maofisa wengi. Ila sheria hiyo hiyo haiwaruhusu kusimama mahakamani kututetea.

Wakili wa mwisho tulimsindikiza mpaka Nangurukuru kupanda basi la Dar. Wadeni wake tulikuwa wengi pale stendi, kila mmoja anaangalia pembeni. Kesi ya shamba inatajwa mwezi ujao. Mwenye shamba ameanza kujifunza kusema "Mheshimiwa Hakimu" mwenyewe.