Ufunguo wa Ghala Ulio Mtandaoni Usiachiwe Fundi

Wenye maduka na mawakala wanaotaka kuona hesabu za ofisi wakiwa safarini hawakosi ofa siku hizi. Fundi huja na bei moja ya kazi yote. Atakodi kompyuta ndogo kwa kampuni ya wingu, atafunga humo seva ya kuingilia ofisini kutoka mbali, ile ambayo wengi huijua kwa jina la VPN, kisha atamkabidhi mwenye mali neno la siri. Kazi huisha kabla ya chakula cha mchana. Bei yenyewe huenda ikawa ya haki, ila mnunuzi analipia kazi ya siku moja kwa kitu kitakachohitaji kuangaliwa kila mwezi.

Mashine si ghali. Kompyuta ndogo ya wingu inayotosha wafanyakazi wachache hupatikana kwa dola kati ya 5 na 10 kwa mwezi. OpenVPN Access Server, mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hii, huruhusu watu 2 kuunganishwa kwa wakati mmoja bila malipo, na wa tatu ndiye anayeanza kulipiwa. WireGuard, iliyoingizwa katika Linux mwezi Machi 2020, haina ada kabisa wala haihesabu watu. Hata hivyo haiji na ukurasa wa msimamizi wala namba ya pili ya uthibitisho, na duka lisilo na fundi wake lingefanya vyema kuchagua ile yenye ukurasa huo, hata kama italipiwa.

Zipo gharama ndogondogo ambazo fundi huzisahau kwenye karatasi ya bei. Tangu Februari 1, 2024, Amazon hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya mtandao ya kawaida, yaani dola 3.60 kwa siku 30. Kwa mashine ndogo hiyo ni nyongeza kubwa. Anayekwepa kutenga anwani ya kudumu atashangaa siku mashine itakapozimwa na kuwashwa: anwani hubadilika, na wakala aliye Mwanza hafiki tena kwenye hesabu. Kuzima mashine nako hakumalizi deni, maana nafasi ya kuhifadhi data huendelea kutozwa.

Hayo ni mambo ya senti. Hasara kubwa iko kwingine, na wafanyabiashara wa fedha za kigeni wanao mfano wa kuukumbuka. Desemba 31, 2019, kampuni ya Travelex ya Uingereza, iliyokuwa na vibanda vya kubadilishia fedha katika viwanja vya ndege vingi duniani, iligundua kuwa wezi wa mtandaoni wamefunga data zake na wanadai fidia. Tovuti zake zilizimwa. Wahudumu walirudia kalamu na karatasi, na benki kubwa za Uingereza zilizotegemea huduma yake zikashindwa kuuza fedha za kigeni mtandaoni. Watafiti wa usalama walieleza kuwa baadhi ya seva za kampuni hiyo za kuingilia kutoka mbali, za aina ya Pulse Secure, zilikaa miezi mingi na kasoro inayojulikana. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yametolewa Aprili 2019, bila malipo ya ziada. Agosti 2020 Travelex iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi na watu wapatao 1,300 wakapoteza kazi Uingereza. Ugonjwa wa korona, uliofunga viwanja vya ndege, ulichangia sana, na si haki kuitupia seva lawama yote. Lakini kampuni iliingia katika mwaka huo mgumu ikiwa imekwisha jeruhiwa.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mei 2021, Colonial Pipeline, yenye bomba kubwa la mafuta katika pwani ya mashariki ya nchi hiyo, ilisimamisha kazi na kulipa fidia ya dola kama milioni 4.4. Wezi walikuwa wameingia kwa akaunti ya VPN iliyokuwa haitumiki tena. Neno la siri lilikuwa bado linafanya kazi, na hakukuwa na namba ya pili ya uthibitisho. Serikali ya Marekani ilifanikiwa kurudisha sehemu ya fedha hizo mwezi uliofuata, bahati ambayo mwenye duka la Kariakoo asiitegemee.

Ni akaunti ngapi za makarani walioacha kazi ambazo bado zimo katika seva za wafanyabiashara wetu? Karani akiondoka, funguo za duka hurudishwa siku hiyohiyo. Ufunguo wa mtandaoni hausikiki ukilia mfukoni, na kwa hiyo hausumbui mtu.

Wapo wanaojibu kuwa seva ya VPN ni mzigo, na kwamba yatosha kufungua kompyuta ya Windows ya ofisini moja kwa moja kwenye mtandao, kupitia mlango namba 3389, kila mtu aingie kwa neno lake la siri. Huo ni ubahili wa hatari. Mei 2019 ilipojulikana kasoro iitwayo BlueKeep katika huduma hiyo, Microsoft ililazimika kutoa marekebisho hata kwa Windows XP, iliyokuwa imeacha kuhudumiwa tangu 2014. Seva ya VPN ipo ili mlango huo usionekane nje kabisa: mtu huingia kwanza kwa seva, kisha ndipo azione kompyuta za ndani. Kwa msingi huohuo, ukurasa wa msimamizi wa seva, ambao kwa OpenVPN Access Server hupatikana kwenye mlango namba 943, hauna sababu ya kuachwa wazi kwa dunia nzima. Ufunguliwe kwa anwani ya mwenye mali pekee, na kila mtumiaji apewe namba ya uthibitisho inayobadilika kwenye simu yake.

Kwa Tanzania kuna jambo la ziada. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kwa kazi halali zitoe taarifa zake, ikiwemo anwani ya mtandao, kabla ya Oktoba 30. Tangazo hilo lilipingwa na wengi, na lilistahili kupingwa, maana kuficha mawasiliano ya biashara ni ulinzi wa kawaida kama kufunga kasha. Lakini kwa upande wa hesabu tu, kampuni yenye seva yake na anwani ya kudumu ina la kujibu ikiulizwa. Anayetumia programu ya bure ya kwenye simu hajui hata data zake zinapita nchi gani.

Basi mkataba na fundi uandikwe upya. Akaunti katika kampuni ya wingu ifunguliwe kwa barua pepe na kadi ya kampuni yenyewe, kwa sababu mwenye akaunti ndiye mwenye seva, na fundi aliyeifungua kwa jina lake anaweza kuondoka nayo. Malipo ya kufunga yapunguzwe, na kiasi kilichobaki kigawanywe kwa miezi 12: kila mwezi marekebisho yawekwe, nakala ya mipangilio itunzwe mahali pengine, na orodha ya watumiaji isomwe mbele ya mhasibu. Fundi atakayekataa mpango huo kwa madai kwamba seva ikishafungwa haihitaji kuguswa tena, apewe nauli yake tu.