Jumba la Mlowezi na Kipande cha Msambaa

Kuna namna ya kusimulia historia ambayo ni unyang'anyi wa mara ya pili. Majumba ya mawe waliyoyaacha walowezi katika milima ya Usambara yanasimuliwa hivyo: nani alilijenga, nani alilinunua, nani alipanda mawaridi bustanini. Orodha ya wamiliki inageuzwa kuwa historia ya mahali, na Msambaa anatokea humo kama mpishi, pengine bila jina.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Basi na tuingie ndani.

Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa ukoo wa Wakilindi. Mwaka huohuo amri ya kikoloni ilitangaza kwamba ardhi yote "isiyo na mwenyewe" ni mali ya dola. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba lilionekana pori machoni pa mgeni, na pori halikuwa na mwenyewe. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari ambaye hakupata kulima hata tuta moja humo.

Ardhi bila mikono haizai. Ndipo, kuanzia mwaka 1907, kikaja kipande: kila mwanamume alitakiwa kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alipelekwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Hizo ni siku 90 kwa mwaka, zilizoibwa katika mashamba ya mahindi na migomba ya familia yake. Kipande hicho ndicho hati halisi ya majumba haya.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliyatwaa mashamba ya Wajerumani wakayapiga mnada kama "mali ya adui". Tazama werevu wa maneno: ukishasema mali ni ya adui, huna haja tena ya kuuliza adui aliipata kwa nani.

Watetezi wa utalii watasema mgeni hataki huzuni. Huko Scotland, nchi ya makasri na mabwanyenye, wakazi wa kisiwa cha Eigg walishiriki kukinunua kisiwa chao mwaka 1997, na mwaka 2003 sheria ikazipa jumuiya za vijijini haki ya kupewa nafasi ya kwanza ardhi inapouzwa. Wageni hawakuacha kwenda.

Sidai majumba yabomolewe. Nadai ukutani pawe na kipande kando ya picha ya mlowezi. Afisa utamaduni, hilo ni jukumu lako. Afisa ardhi, majalada unayo wewe. Nawe mwanafunzi, nenda Vuga, yalikokuwa makao ya Kimweri ye Nyumbai, ukawasikilize wazee kwa Kishambaa. Nyumba za nyasi hazikudumu kama mawe. Kumbukumbu zake zimo vichwani mwa watu, na watu hao wanazikwa kila mwaka.